Safu Aliyoiacha Tupu

Mwinjilisti wetu alisoma kila fungu mara tatu. Mara ya kwanza alisoma haraka, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Mara ya pili alisoma polepole. Mara ya tatu aliifunga Biblia, kidole kikiwa bado katikati ya kurasa, akaisimulia habari ile kwa maneno yake mwenyewe. Akimaliza anauliza swali lililotutoa jasho sisi tuliohudhuria mafunzo yake: "Sasa niambieni, humu ndani nani hajasema kitu?"

Tulikuwa tumezoea wahubiri wanaouliza nani ametenda dhambi. Yeye aliuliza nani amenyamaza. Siku tuliposoma habari za yule mwanamke aliyeburutwa mbele ya Yesu, tulitaja mwanamke, kwamba kasema maneno machache tu. Akatikisa kichwa. Mama mmoja akasema, "Mwanamume. Hakuletwa hata kidogo." Akafurahi, lakini akaendelea kusubiri. Mwisho akasema mwenyewe: "Na yale maandishi. Yesu kainama kaandika chini, na hakuna aliyetusomea. Mnadhani mwandishi alisahau kutuambia?"

Mzee mmoja akasema Bwana aliandika dhambi za wale washitaki.

"Umeyasoma wapi, mzee wangu?"

"Ndivyo tunavyofundishwa."

"Labda. Lakini angetaka yasomwe angeyaandika kwenye jiwe. Yeye kaandika kwenye vumbi, watu wakapita juu yake wakaenda zao."

Nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Nilikuwa nimeisikia habari ile tangu nikiwa mdogo, nikadhani naijua.

Hakuwa mtu wa mjini. Mtaa wake wa kanisa ulikuwa Mwese, juu milimani, na alishuka Mpanda mara moja kwa mwezi, kwa lori la mahindi likipatikana, kwa baiskeli lisipopatikana, akakaa wiki nzima akifundisha kanisani kwetu. Wapo waliosema ni Mbende wa hukohuko. Wapo waliosema alivuka ziwa na wakimbizi, na kwamba ukimsikiliza akihesabu utasikia Kirundi. Ukimuuliza mwenyewe alijibu, "Natoka Mwese. Jana nilikuwa huko." Alikuwa na koti moja la kahawia alilolipenda kupita kiasi, mvua ikianza analivua na kuliweka ndani ya mfuko wa plastiki, yeye analowa. Alikuwa mkali. Mtu akichelewa alisimamisha somo mpaka mchelewaji akae, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kukaripiwa.

Ukali huo aliujua na aliupiga vita. Nilikuja kugundua kwamba kila mwezi alijichagulia kosa moja katika tabia yake na kulifanyia kazi kama mtu anayepalilia shamba. Mwezi mmoja lilikuwa kukatiza watu maneno. Wiki ile alipotua mjini ilikuwa kichekesho: mtu anamaliza kusema, Mwinjilisti anahesabu kimoyomoyo mpaka tano ndipo ajibu, na sisi tunadhani hajasikia, tunarudia kwa sauti ya juu. Mwezi mwingine alijifunza kusema sijui. "Ni neno gumu kwa mtu mwenye Biblia mkononi," alituambia, "lakini likishatoka, kifua kinapata nafasi."

Jambo moja lilinishangaza. Mtu huyu, ambaye watu walimtafuta kutoka mbali ili wamwambie mambo yasiyoambilika, ya kwake hakuyaficha hata kidogo. Alisimama madhabahuni akatuambia kwamba juzi amemfokea mkewe kwa sababu ya chumvi, kwamba ana wivu na mchungaji mmoja kijana, kwamba aliwahi kukaa miaka mitatu anahubiri wakati hasali. Tulishika mashavu. Siku moja mkewe, tuliyemwita Mama Mwinjilisti, alishuka naye mjini, akayasikia haya kwa masikio yake. Baada ya ibada akamwambia mbele yetu, kwa upole kabisa:

"Baba, unasema siri zako ni zako, unaweza kuzitoa. Ile chumvi ilikuwa ya nani?"

Akahesabu mpaka tano, akapita tano.

"Nusu ya siri zako ni zangu," mama akasema. "Na mimi sijakupa ruhusa."

Jumapili iliyofuata alipanda mimbarini akasema ameonyeshwa jambo ambalo hakuliona kwa miaka thelathini ya kusoma Neno, na kwamba hatasema ameonyeshwa na nani wala lilihusu nini. Akashuka. Ndiyo mahubiri mafupi kuliko yote niliyowahi kusikia.

Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya kanisa. Nilisomea taipu, halafu nikapelekwa Tabora kwa wiki sita kujifunza kompyuta, kwa sababu makao makuu walikuwa wametuletea moja. Katikati ya miaka ya tisini mjini Mpanda kompyuta ilikuwa kitu cha kuvuliwa viatu. Tuliifunika kitambaa cheupe kama meza ya Bwana. Umeme ulitoka kwenye jenereta, kwa hiyo nilifanya kazi saa tatu kwa siku, na wazee wa kanisa walikuja kusimama nyuma yangu wakitazama majina yao yakitokea kwenye kioo.

Kazi yenyewe ilikuwa kuingiza waumini wote. Fomu ya makao makuu ilikuwa na safu za jina, mahali pa kuzaliwa, asili ya wazazi, ndoa, na marudi. Marudi kwetu ni adhabu ya kanisa: mtu aliyekosa anakaa benchi la nyuma na hashiriki Meza ya Bwana mpaka arudishwe. Mbele ya safu hiyo palikuwa na nyingine ndefu: sababu.

Mitaa mingine ilileta madaftari yaliyojaa. Wengine waliandika sababu kwa mistari minne, mpaka majina ya watu wa pembeni. Daftari la Mwese lilikuwa na majina, tarehe za kutengwa na tarehe za kurudishwa. Basi. Na kwenye asili ya wazazi, watu wote wa mtaa ule, zaidi ya mia, walikuwa wameandikiwa neno moja: Mwese.

Aliposhuka nikamwonyesha. "Shikamoo, Mwinjilisti. Daftari lako lina upungufu. Sababu hakuna."

"Marahaba, Karani. Sababu zipo. Haziko kwako tu."

"Lakini safu ipo. Ikibaki tupu mashine inaonyesha kosa."

Akavuta kiti akakaa. Akaitazama ile kompyuta kwa muda mrefu, bila dharau, bila woga pia. "Hii inasahau?" akauliza.

"Haisahau, Mwinjilisti. Ndiyo uzuri wake."

"Mungu mwenyewe amesema dhambi zetu hatazikumbuka tena. Sasa tumenunua kitu cha kumsaidia kukumbuka?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa mzee asiyejua mambo mapya. Nikaandika nukta kwenye kila safu yake ili mashine inyamaze, nikaendelea.

Sasa naeleza nilichofanya. Printa yetu ilitumia karatasi ndefu yenye matundu pembeni, na kila nilipotoa orodha ili kuhakiki makosa, nakala mbaya zilirundikana chini ya meza. Nje ya uzio alikaa mama mmoja muuza karanga. Siku hiyo alilalamika kwamba magazeti ya kufungia yamekwisha. Nikamhurumia. Nikabeba mkono mzima wa karatasi nikampa, upande wa nyuma ulikuwa mweupe na safi, na akanibariki. Nilirudi kitini nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda wema.

Siku ya tatu akaingia ofisini mwanamke mmoja wa Mwamkulu, mkulima wa mpunga, muumini wetu. Hakubisha hodi. Alifungua mkono wake akaweka mezani karatasi iliyokunjwa kama pembe, chembe za chumvi bado zimeshika. Akainyoosha kwa kiganja.

"Karani, hii ni kazi yako?"

Jina lake lilikuwa mstari wa sita. Mbele yake tarehe za zamani, kabla hajaolewa. Mbele ya tarehe, sababu, mistari miwili. Sababu hiyo sitaiandika hapa.

"Imesomwa sokoni kwa sauti," akasema. "Mume wangu ameletewa nyumbani. Amesema nitoke. Miaka kumi na moja, Karani. Nilikiri kwa kanisa, nikatubu, nikakaa nyuma, nikarudishwa. Mliniambia yamekwisha."

Alitoka vilevile alivyoingia, na baadaye nikasikia kaenda kwa kaka yake.

Mwinjilisti alikuwa mjini wiki ile. Nilimkuta nyuma ya kanisa akishona kifungo cha koti. Nilimwambia yote, nimesimama, na nikaanza kulia kabla sijamaliza. Hakuniambia nyamaza. Aliichomeka sindano kwenye ukosi wa shati lake, akasema, "Ulitoa karatasi ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Basi twende."

Tulizunguka soko zima, mchana wa jua kali. Alinunua karanga zote za yule mama, zilizokwisha kufungwa na zisizofungwa, kisha akaomba rundo lililobaki. Tukaenda kwa watu walionunua. Alipiga hodi kwenye vibanda, kwa mafundi baiskeli, kwa madereva wa malori, akasema: "Samahani ndugu yangu, naomba karatasi uliyofungiwa karanga. Karanga baki nazo." Wengine walimcheka. Fundi mmoja alikuwa ameshaisoma, akaanza kumsimulia yaliyomo. Mwinjilisti akainua mkono. "Hayo uliyosoma si yako wala si yangu. Nakuomba uniachie karatasi, na hayo mengine uyaache hapohapo." Yule fundi akatazama chini, akaitoa mfukoni.

Kilichonitia hofu ni kwamba kila karatasi aliyopokea aliikunja bila kuitazama. Nilimtazama kwa makusudi, kwa saa nyingi. Macho yake hayakuteleza hata mara moja. Mimi niliyezitaipu nilijikuta nasoma tena.

Kesho yake alikwenda Mwamkulu kwa mume wa yule mkulima wa mpunga, nami nikafuata nyuma. Nilidhani atafungua Maandiko. Alisalimia, akauliza majembe yako wapi, akaingia kwenye jaruba akaanza kupalilia mpunga. Mume akashangaa, akaingia na yeye. Nami nikapandisha sketi nikaingia. Siku nzima hapakusemwa lolote zaidi ya habari za maji na ndege waharibifu. Siku ya pili hivyohivyo. Jioni yule bwana akatupa jembe.

"Mwinjilisti, mbona husemi?"

"Nakusubiri wewe. Nimeshasikia mengi ya nyumba yako ambayo hukuniambia wewe. Nimeyakataa."

"Ni kweli kilichoandikwa?"

"Sijakisoma."

"Lakini unajua."

"Muulize mwenye jina. Yeye ndiye mwenye habari hiyo, akitaka atakupa, asipotaka atakaa nayo. Karatasi ya karanga usiisome kama Neno la Mungu."

Yule bwana akakaa kwenye tuta, matope mpaka magotini. Akasema kwa sauti ndogo, "Ninachoumia ni kwamba mlijua nyie wote, mimi nikawa wa mwisho."

Mwinjilisti akahesabu, nilimwona midomo ikicheza. "Hapo una haki," akasema. "Hilo ni kosa letu, si la mkeo. Nimekuja kuliomba radhi hilo."

Ilichukua wiki tatu. Yule mama alirudi nyumbani kwake, lakini kwetu kanisani hakurudi tena, na sikuthubutu kumlaumu.

Wazee wa kanisa waliitwa kikaoni. Mchungaji wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa na barua za makao makuu. Nilikuwepo kuandika muhtasari. Akauliza nani alizitoa karatasi nje. Kalamu yangu ilisimama. Nilisubiri mdomo wangu ufunguke na haukufunguka.

"Aliyezitoa nimeshaongea naye," Mwinjilisti akasema.

"Mtaje."

"Alikuja kwangu analia, Mchungaji. Aliyoyasema aliyasema kwangu."

"Hiki ni kikao halali cha kanisa. Nakuagiza."

Akasimama. Akasema hivi, na muhtasari wangu wa siku ile una madoa ya jasho: "Adamu na mkewe walipokosa, Mungu aliwajua. Hakuna alichohitaji kuambiwa. Hata hivyo kitu alichofanya kabla ya kuwatoa bustanini ni kuwashonea mavazi. Aliwatoa, sawa, adhabu ilikuwepo, lakini hakuwatoa uchi. Sisi tumewatoa watu wetu uchi mpaka sokoni. Sasa mnataka nimtoe na mwingine. Mimi siwezi. Naomba hiyo safu iondolewe, na mimi mnifanye mnavyoona."

Walimfanya walivyoona. Aliwekwa chini ya marudi kwa kukaidi kikao, na kufundisha akazuiwa. Na mimi ndiye niliyeliandika jina lake. Nilikaa mbele ya kioo, jenereta inanguruma, nikaandika jina la mtu aliyeadhibiwa kwa ajili yangu, nikafika kwenye safu ya sababu, vidole vikakataa.

Badala ya kubaki Mwese ambako hakuna ambaye angemwona, alishuka mjini kila Jumapili, akakaa benchi la nyuma kabisa na koti lake la kahawia, pamoja na wasichana wenye watoto wasio na baba na mzee mmoja mlevi. Meza ya Bwana ilipoandaliwa aliinamisha kichwa. Nilivumilia Jumapili tano. Ya sita, kabla ya baraka, nilisimama. Nilisema karatasi nilizitoa mimi. Nilisema alijua na akanyamaza, na kwamba mimi nilimwacha anyamaze.

Nje nilimfuata.

"Umechelewa," akasema, bila kutabasamu. Kisha akasema, "Lakini umekuja mwenyewe. Ungeletwa na mimi ungekuwa bado hujafika." Akaanza kunieleza, kwa furaha ya ajabu, jinsi Neno linavyosikika tofauti ukiwa benchi la nyuma, kwamba kuna mahubiri yake mwenyewe ya zamani ambayo sasa angetamani kuyaomba radhi.

Kikao kilikaa tena, safu ikaondolewa. Mchungaji mwenyewe alisimama pembeni akaniambia, "Futa." Mwinjilisti aliomba aone. Nikafuta, kioo kikabaki cheupe.

"Imeondoka kweli?"

"Humu ndani, naamini."

"Na nje ya humu?"

Ndipo nikakumbuka disketi niliyoituma makao makuu mwezi uliopita. Nilipomwambia, akauliza inafananaje. Nikamwonyesha nyingine. Akaigeuzageuza, kitu chembamba cheusi cha kuingia mfuko wa shati. "Watu wote wale wamo humu?" akauliza, na kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa.

Alipanda treni ya Tabora wiki ile, mzee wa karibu miaka sabini, kwenye behewa la kusimama, kisha akaunga mabasi mpaka makao makuu. Alirudi baada ya siku tisa na disketi imefungwa ndani ya leso. Aliniambia walimkalisha kwenye korido siku mbili, siku ya tatu wakampa, labda kwa kumchoka.

"Hawakuinakili?" nikauliza.

"Wamesema hawakuinakili. Nimechagua kuwaamini, Karani. Lakini ni kuchagua tu. Siwezi kuingia ndani ya zile mashine kuangalia." Akakaa chini. "Ndiyo maana nilikuambia sababu haziko kwako. Kikishaandikwa, mwenye nacho ni yeyote."

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa mwisho wa tisini hizo, nilikuwa nimepata kazi Dar es Salaam. Kabla ya kuondoka nilipanda Mwese kumuaga. Nilikuwa nimesikia kwamba amepata kiharusi. Lori lilitushusha chini ya kilima, nikapanda kwa miguu.

Mama Mwinjilisti alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, ameuziba mlango kwa mwili wake. Alinikumbatia, lakini hakusogea.

"Mwanangu, usikasirike. Siruhusu watu kuingia," akasema. "Mkono umelegea, hilo si kitu. Kichwa ndicho. Anachanganya watu. Anaanza kuongea, na wewe unajua watu walimwambia mambo gani kwa miaka yote hii. Nakaa hapa asije akayamwaga. Yeye mwenyewe alinituma nikae, siku za kwanza, akili ilipokuwa inakuja na kuondoka."

Nikasema nitaondoka. Akanitazama, akafikiri, akasogea. "Wewe ingia. Nitasimama karibu. Nikikuashiria, utoke."

Alikuwa kitandani, ameegemezwa kwenye mito, mwembamba sana. Aliniona akafurahi, akaniita kwa jina la dada yake. Nikaitika. Biblia ilikuwa pembeni yake, na mama aliniambia kwamba hasomi tena, herufi hazimwambii kitu. Wala hajui kwamba aliwahi kuhubiri. Aliniuliza kama mbuzi wamerudi. Nikasema wamerudi wote.

Kisha macho yake yakatulia, sauti ikawa ileile ya zamani. "Dada," akasema, "kuna binti mmoja alikuwa karani kule mjini. Siku moja alikuja kwangu akaniambia jambo."

Lilikuwepo jambo. Halikuhusu karatasi wala kanisa. Nilimwambia mwaka mmoja kabla ya yale yote, mara moja tu, na duniani hakuna mwingine niliyewahi kumwambia. Nyuma yangu nilisikia Mama Mwinjilisti akipiga hatua.

"Aliniambia kwamba…"

Akasimama. Uso ukakunjamana, kama mtu aliyeshika kitu gizani na kukipapasa ajue ni nini. Nilimwona akihangaika. Midomo ikacheza kidogo, ikatulia.

"Hapana," akasema. "Hilo ni la mtu."

Akageukia ukuta akafumba macho, akiwa mtulivu kabisa. Mama Mwinjilisti, aliyekuwa ameshainua mkono wa kunitoa, akaushusha. Akakaa kitandani miguuni pa mumewe, akamfunika vizuri.

"Umemsikia?" akaninong'oneza. "Mengine yote yameondoka."